Shajara ya mradi: maneno ya majaribio ya dawa, wiki ya 1 hadi ya 9

Wiki ya 1

Kazi imeingia Jumatatu. Nyaraka nne za jaribio la dawa ya shinikizo la damu, zote kwa Kiingereza: fomu ya ridhaa yenye kurasa 14, daftari la mshiriki la kujaza nyumbani, fomu ya kuripoti matukio, na muhtasari wa itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jinsi jaribio litakavyoendeshwa. Tuko wanne. Mimi natafsiri. Mwenzangu, aliyekuwa muuguzi kabla hajaingia kwenye tafsiri, anahariri. Daktari mmoja anatuangalizia upande wa tiba. Wa nne sijapata kukutana naye: yeye atapokea Kiswahili chetu na kukirudisha kwenye Kiingereza bila kuona maandishi ya awali. Huyo ndiye tunayemwogopa.

Nimeanza kama ninavyoanza kila kazi, kwa jedwali. Neno, maana yake, pendekezo letu, hali yake. Kijani limepita, njano bado tunalifikiria, jekundu linagombaniwa. Kufikia Ijumaa nina maneno 186, na zaidi ya 120 ni ya kijani. Ini, figo, mkojo, dozi, sampuli, kingamwili, chanjo: haya hayana mgogoro. Nilifunga kompyuta nikijiona nimeshavuka nusu ya mto.

Neno lililoleta ugomvi wa kwanza ni jina la shughuli yenyewe. Niliandika "jaribio la kitabibu". Mwenzangu akacheka. "Ukimwambia mtu unamfanyia majaribio, ameshachukua mkoba wake." Ni kweli, "kufanyiwa majaribio" kunanuka panya wa maabara. Na msomaji akiteleza kidogo tu akasoma "majaribu", umeshamtoa kliniki umempeleka mimbarini. Yeye alitaka "utafiti", neno la staha na lililozoeleka. Tatizo la "utafiti" ni kwamba linafunika mengi mno. Kujibu dodoso ni utafiti, kupimwa urefu ni utafiti. Kumeza kidonge ambacho bado hakijathibitika ni habari nyingine, na fomu imeandikwa ili habari hiyo isilainishwe.

Tumefikia hapa: kichwa kinasema "utafiti wa kujaribu dawa mpya", kisha ndani tunaendelea na "utafiti". Nimependekeza pia sentensi mbili chini ya kichwa: "Dawa hii bado inajaribiwa. Hatujui kama itakusaidia." Kwenye Kiingereza maneno hayo yapo, ila yametawanyika katika aya tatu, na ukifika ya tatu umesahau ya kwanza. Nimewaandikia wenye nyaraka kuomba ruhusa ya kuyaleta pamoja. Mtafsiri haongezi kitu kimyakimya.

Wiki ya 2

Ridhaa, idhini, kibali, ruhusa. Nilidhani ni siku moja, zimekwisha tatu.

Idhini hushuka kutoka juu. Anayetoa idhini ni mwenye mamlaka, na anayeiomba yuko chini yake. Kamati ya maadili inatoa kibali, na hata ukisema idhini hujakosea. Lakini mtu anayeombwa kumeza dawa ya majaribio hatoi kibali, anaridhia. "Ridhaa" ina moyo ndani yake: mtu anaweza kuruhusu jambo huku amenuna, ila hawezi kuliridhia huku amenuna. Kijani. Mwenzangu alitaka "ridhaa ya hiari". Nikasema hiari imo tayari ndani ya ridhaa. Akaniuliza nimeshaona wangapi wakitia saini kwa sababu daktari amesimama mbele yao. "Ya hiari" imebaki.

Kisha kosa langu. Kwenye ukurasa wa saini panatakiwa pasomeke: "Nimesoma maelezo haya na nimeyaelewa." Mimi nilichapa "nimeyaelezwa". Herufi moja tu, z. Daktari akapita, mwenzangu akapita, mimi mwenyewe nikapita mara mbili. Tulilikuta Alhamisi kwa bahati, nikisoma kwa sauti huku nikitafuta kosa jingine kabisa. Kuelezwa ni kazi ya mtafiti, kuelewa ni kazi ya kichwa cha mshiriki, na kati ya hayo mawili ndipo historia nzima ya fomu hii ilipo. Kanuni za Nuremberg za 1947 zilianza kwa kusema ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima kabisa, zikitoka kwenye hukumu ya madaktari wa Ujerumani ya Kinazi kwa waliyowatenda wafungwa. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, la maadili ya utafiti kwa binadamu, likaja 1964. Tuskegee, Marekani, wanaume weusi waliokuwa na kaswende walifuatiliwa tangu 1932 hadi 1972 bila kuelezwa ugonjwa wao, na bila kupewa penisilini hata ilipokuwa imeshakuwa dawa inayojulikana. Herufi z si kitu kidogo.

Sasa fomu ina visanduku viwili: "Nimeelezwa" na "Nimeelewa". Vyote viwekewe alama.

Jambo dogo lililonifurahisha: marekebisho ya Azimio la Helsinki ya 2024 yameacha neno linalomfanya mtu aonekane kitu cha kuchunguzwa na kushika "mshiriki". Sisi tulikuwa tumeshaandika "mshiriki" tangu siku ya kwanza, maana Kiswahili kilitunyima mbadala mzuri. "Mhusika" ni wa hadithi na "mtafitiwa" hatamkiki.

Wiki ya 3

Wiki hii nimeacha jedwali nikaenda kusomea watu. Wasomaji wawili: mama wa makamo ambaye mwenyewe anatumia dawa za presha, na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye masikio makali kuliko kalamu yake nyekundu. Nilisoma, wao wakasikiliza.

Sentensi ya kwanza kuanguka: "Utafiti huu una mikono miwili." Kiingereza huita makundi ya jaribio mikono, nami nikaufuata mkumbo. Mzee akanitazama. "Kila mtu ana mikono miwili, mwanangu. Endelea." Nilipofika "mkono wa dawa", mama akakunja mkono wa gauni. Alidhani ni sindano. Nimefuta mikono yote, yameingia "makundi".

Sentensi ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako. "Huu ni utafiti wa upofu maradufu." Kwenye jedwali ilikuwa ya kijani tangu siku ya pili. Mama alinyamaza, akaniacha nimalize aya nzima, kisha akauliza kwa upole wa mtu asiyetaka kukuaibisha:

"Sasa mwanangu, hiyo dawa inapofusha jicho moja au yote mawili?"

Nilimweleza. Akasema, "Si ungesema hivyo." Na ndivyo tulivyosema: "Si wewe wala daktari wako atakayejua uko kundi gani mpaka utafiti uishe." Tulijaribu "utafiti wa kufichwa", tukaona kufichwa kunaleta harufu ya udanganyifu. Kitu kinachofichwa kwa Kiswahili huwa kina mwenye hatia. Nimeongeza, kwa ruhusa, sababu yake: daktari akijua, anaweza kuupima mwili wako kwa jicho la matumaini. Mzee alipenda hiyo.

Ya tatu ni plasibo. Nilikuwa nimeandika "dawa bandia", kwa sababu ndivyo inavyoandikwa sana. Mama akarudi nyuma kwenye kiti. "Bandia? Si ndizo zile zinazokamatwa?" Bila shaka. Kwa mtu wa kawaida dawa bandia ni ya tapeli, ile inayotangazwa redioni kwamba msinunue. Tulikuwa tunamwomba mtu atie saini kwamba kliniki itampa dawa ya tapeli. Mzee akapendekeza "kidonge kitupu", nami nilikipenda mpaka daktari alipouliza kama ni ganda lisilo na kitu ndani. Tumeandika: "kidonge kinachofanana na dawa kwa kila kitu lakini hakina dawa ndani yake", na baada ya hapo "kidonge kisicho na dawa". Kwa watafiti inabaki plasibo. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake "nitapendeza", nalo lilitumika kwa vidonge alivyopewa mgonjwa ili aridhike tu. Sikuliweka hilo kwenye fomu. Linapendeza lakini halisaidii.

Na mara baada ya sentensi ya kidonge kisicho na dawa nimeivuta nyingine iliyokuwa imejificha ukurasa wa 9: kila mshiriki, kundi lolote, ataendelea na dawa zake za kawaida. Uso wa mama ulibadilika alipoisikia. Kwa nini iwe ukurasa wa 9?

Wiki ya 4

Wiki fupi, daktari hakuwepo.

Kugawa watu makundi. "Kwa bahati nasibu" imeenea, na kamusini ni sahihi. Masikioni ni kamari: kuna anayeshinda na anayeliwa. Mzee aliuliza moja kwa moja, "Anayeshinda anapata nini?" Swali lake ndilo lenyewe, kwa sababu fomu inataka aamini kwamba hakuna anayejua kundi lipi lina heri. Tumeweka: "Kompyuta ndiyo itakayochagua kundi lako, kama mtu anavyorusha sarafu. Daktari hachagui, wewe huchagui." Kwa watafiti: ugawaji nasibu.

Ili nimweleze mzee kwa nini isiwe daktari achague, nilimsimulia jaribio la streptomisini kwa kifua kikuu, Uingereza, lililochapishwa 1948. Wagonjwa 107. Dawa ilikuwa haba, haitoshi watu. Austin Bradford Hill akapanga ugawaji kwa namba nasibu zilizofungiwa kwenye bahasha, ili mkono wa daktari usimwelekee mgonjwa anayemhurumia. 55 wakapata dawa na kupumzika kitandani, 52 wakapata kupumzika tu. Mzee akasikiliza vizuri, kisha akauliza kama hao 52 waliambiwa. Hawakuambiwa. Walikaa hospitalini bila kujua kwamba wao ni kundi linganishi la utafiti. "Basi," akasema, "hesabu yao ilikuwa safi, fomu ndiyo haikuwepo." Nimekosa la kuongeza.

Wiki ya 5

Nimelala na maneno mawili wiki nzima.

Katika Kiingereza cha majaribio kuna sifa mbili ambazo mtu wa mtaani huzitumia kama kitu kimoja, na kwenye kamusi zetu zote mbili zinaangukia "mbaya" au "kali". Kwenye itifaki zina kazi tofauti kabisa. Moja inapima ukali wa dalili: kidogo, wastani, makali. Ya pili haiangalii maumivu, inaangalia matokeo: je, mtu amefariki, maisha yake yamekuwa hatarini, amelazwa au kulazwa kwake kumerefushwa, amepata ulemavu, mtoto amezaliwa na kasoro? Likitokea moja ya hayo, simu inapigwa mara moja. Baadaye kuna saa ya kanuni inayohesabu: kifo au hatari ya kifo ambayo haikutarajiwa na inashukiwa kutokana na dawa, wasimamizi wa dawa wajulishwe ndani ya siku 7. Mazito mengine ya namna hiyo, siku 15.

Sasa chukua mtu mwenye kipandauso kinachomliza machozi, kikaisha jioni. Ni kikali, ila simu haipigwi. Chukua mwingine aliyesikia ganzi kidogo kwenye vidole, akalazwa usiku mmoja kwa uangalizi. Dalili ni ndogo, lakini simu inapigwa usiku huo huo. Nikiandika "mbaya" kwa yote mawili, muuguzi atapiga simu kwa kipandauso na kuiacha ganzi ilale kwenye faili.

Nilijaribu "la hatari", likaonekana kana kwamba kila tukio linaua. Nilijaribu "kubwa", nalo likarudi kwenye ukali. Mwenzangu ndiye aliyelileta: "zito". Tukio zito. Uzito si maumivu, ni kile kinachokuelemea baada ya hapo. Tunasema "msiba mzito", "jambo zito", bila kumaanisha linauma ngozi. Kwa hiyo: "kali" ni ya dalili, "zito" ni ya matokeo, na "mbaya" imefukuzwa kwenye fomu. Nimeitafuta kwa kompyuta, ilikuwa mara 31. Zimekwisha zote.

Kisha "madhara". Nalo nimelibana. Ukisema madhara, umeshahukumu kwamba dawa ndiyo iliyodhuru. Itifaki inataka kitu kisicho na hukumu: chochote kibaya kilichompata mshiriki akiwa ndani ya utafiti, dawa iwe imehusika au la. Mtu akianguka kwenye ngazi, kiandikwe. Pengine alijikwaa, pengine alipata kizunguzungu kwa sababu presha ilishuka mno, na huwezi kujua kabla hujakusanya walioanguka wote. Kwa hiyo "tukio la kiafya" kwanza, na "madhara ya dawa" pale tu uhusiano unaposhukiwa. Mwenzangu, kwa uuguzi wake wa zamani, alikumbusha kuwa kliniki nyingi husema "maudhi madogo madogo" kwa yale yanayotarajiwa na kupita. Neno zuri, la kibinadamu. Sikuliingiza kwenye fomu ya kuripoti kwa sababu mtu akishaambiwa ni maudhi, hayaripoti.

Wiki ya 6

Daftari la mshiriki. Hapa ndipo nilipoona kwamba maneno magumu si yale ya Kilatini.

Safu mbili zimeandikwa 08:00 na 20:00. Mtafsiri mwenye haraka ataandika saa 8 na saa 20. Sisi tumeandika saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na tumeomba tarakimu za awali zifutwe kabisa, kwa sababu zikikaa pamoja zitagombana. Hilo lilikuwa jepesi. Lililofuata lilinishinda kwa muda: "Usile saa 8 kabla ya kutolewa damu." Nililiandika mwenyewe, nikaliona limenyooka. Mzee akauliza:

"Saa nane ya mchana au ya usiku?"

Kwa Kiswahili sanifu wingi wa saa ni saa. Walimu wametuchapa viboko kwa "masaa". Na bado, ukisema "masaa 8" hakuna mtu atakayeangalia ukutani, atahesabu muda. Lugha ya mtaani imefanya utofautishaji ambao sanifu imeukataa, na kwenye fomu ya dawa utofautishaji huo una thamani kuliko usanifu. Hata hivyo sikuthubutu. Nimeandika "kaa bila kula kwa muda wa saa 8", na kuongeza mfano: "Kama utatolewa damu saa 2 asubuhi, mwisho wa kula ni saa 6 usiku." Mzee aliridhika. Nilipomwambia kuhusu masaa alinitishia kwa kidole.

"Kutwa mara tatu" pia imetoka. Kila mtu anaijua kutoka kwenye bahasha za dawa, ndiyo hatari yake. Kutwa ni mchana kutwa: asubuhi, mchana, jioni, ukalale. Dawa inayotakiwa kila baada ya saa 8 haitambui usingizi.

"Kipimo" nacho kina nyuso mbili. Ni kiasi cha dawa unachomeza, na ni uchunguzi unaofanyiwa maabara. "Kipimo chako kitaongezwa" ina maana gani, vidonge zaidi au damu zaidi? Sasa: "dozi" kwa kumeza, "kipimo" kwa maabara, na anayevunja sheria hii anatoa soda.

Na presha yenyewe. "Una presha?" maana yake una ugonjwa. Kitaalamu kila aliye hai ana presha. Fomu ilikuwa inasema tutapima shinikizo la damu la kila mshiriki, na mama akauliza kama wale ambao hawana watapimwa nini. Tumetenganisha: "shinikizo la damu" ni kile kinachopimwa, "shinikizo la juu la damu" ni ugonjwa, na "presha" tumeiacha kwenye maelezo ya mdomo ya muuguzi ambapo inafanya kazi vizuri. Namba mbili tumeziita ya juu na ya chini, basi.

Kisha uwezekano wa madhara. Vipeperushi vya dawa vina ngazi zinazotumika Ulaya: yanayotokea kwa zaidi ya mtu 1 kati ya 10, kwa 1 kati ya 10 hadi 1 kati ya 100, na kuendelea kushuka mpaka chini ya 1 kati ya 10,000. Kila ngazi ina jina. Nilitafsiri ngazi ya pili "hutokea mara nyingi". Mama akahesabu kwa vidole: mara nyingi kwa siku? Hakukosea yeye. "Mara" inahesabu kurudia, haihesabu watu. Nilikuwa nimemwambia kwamba kizunguzungu kitampata tena na tena. Sasa inasomeka: "Kati ya watu 100 wanaotumia dawa hii, wanaopata kizunguzungu ni kuanzia 1 hadi 10." Majina ya ngazi nimeyatupa.

Nusu ya Ijumaa imekwenda kwenye upande wa pili wa barabara: yale ambayo mshiriki ataandika kwa Kiswahili na sisi tutayapeleka kwenye Kiingereza, ili wahusika wayaweke kwenye kamusi ya MedDRA, ile ya kimataifa ya kupangia majina ya dalili na magonjwa, ambayo ina ngazi tano na makundi makuu 27 ya mifumo ya mwili. "Nina kifua." Ni kikohozi? Maumivu? Pumzi? "Tumbo linanikeketa", "linaninyonga", "limejaa", "linaendesha": mambo manne, na Kiingereza cha haraka kitayaita maumivu ya tumbo yote. Nimeweka kanuni moja: maneno ya mshiriki yanaandikwa kama alivyoyasema, kwa Kiswahili, kando ya tafsiri. Na muuguzi aulize swali la pili kabla ya kuandika chochote chenye "kifua", "tumbo" au "homa".

Wiki ya 7

Tafsiri iliyorudishwa imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Wenye nyaraka wanailinganisha na ya awali mstari kwa mstari. Panapolingana, sawa. Panapotofautiana, wanatia alama na sisi tujieleze. Tumepata alama 43. Nikaanza kuzipitia, na kufikia ya kumi nikaona kitu kilichonikera. Karibu zote zimeangukia sentensi ambazo mama na mzee walizielewa. "Si wewe wala daktari wako" ina alama: "haifanani na istilahi ya awali". "Kompyuta ndiyo itakayochagua" ina alama. Kidonge kisicho na dawa kina alama mbili.

Nikafanya ukorofi kidogo. Nilichukua rasimu ya zamani, ile yenye upofu maradufu na mikono miwili, nikaomba aya hiyo moja irudishwe nayo. Ikarudi imefanana na ya awali neno kwa neno. Haina alama hata moja. Ingepita.

Hapo ndipo ninapotofautiana na utaratibu huu, na nimewaandikia hivyo kwa heshima zote. Tafsiri ya kurudisha inakamata kosa la kweli: ilitukamata tulipoandika miligramu 50 mahali pa 5 kwenye ukurasa wa 11, na kwa hilo namshukuru yule wa nne asiye na sura. Lakini haiwezi kujua kama mtu ameelewa. Anayerudisha ni mtaalamu, akiona "upofu maradufu" anatambua mara moja Kiingereza kilichovaa kanzu. Kadiri tafsiri inavyokuwa ngeni kwa mshiriki, ndivyo inavyorudi salama.

Mkutano ulichukua muda wa saa mbili na nusu. Msimamizi wa upande wao aliuliza, na ana haki, mkaguzi atajuaje kwamba "si wewe wala daktari" ni dhana ile ile ya itifaki? Jibu letu ni majedwali mawili. La kwanza kwa watafiti na kamati: plasibo, ugawaji nasibu, kundi linganishi, itifaki, upofu maradufu ukipenda, watu hao wanajua wanachosoma. La pili kwa mshiriki, na kila safu yake imefungwa kwa namba kwenye la kwanza, ili mkaguzi afuate uzi. Wamekubali, kwa sharti kwamba la pili lisipite bila kusikilizwa na watu. Sharti ambalo ningelilipia.

Wiki ya 8

Mahojiano ya uelewa. Watu sita wapya, watatu wanasoma wenyewe, watatu wanasomewa.

Hatuulizi "umeelewa?" Kila mtu ataitikia ndiyo, kwa adabu tu, hasa akiulizwa na aliyevaa koti jeupe. Tunasema: "Hebu nieleze kama unavyomweleza jirani ambaye hakuwepo." Watano wameeleza makundi bila shida. Wa sita, kijana, alisema kompyuta inachagua anayehitaji zaidi dawa. Anaiamini kompyuta kuliko daktari, sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeongeza: "Kompyuta haijui hali yako."

"Ufanisi" bado ni njano. Kiingereza kina maneno mawili, moja kwa dawa inavyofanya kazi ndani ya jaribio linalosimamiwa vizuri, jingine kwa inavyofanya kazi huko nje ambako watu husahau vidonge. Sisi tuna moja. Kwa mshiriki haina tofauti. Kwa muhtasari wa itifaki nimeandika "ufanisi katika jaribio" na "ufanisi katika matumizi", na daktari hajapinga, kwa hiyo napita.

Wiki ya 9

Maneno 186 yamekuwa 164. Mengine hayakutafsiriwa, yaligeuka sentensi na kutoka kwenye jedwali. Ya njano yamebaki manne, jekundu moja.

Jekundu ni yule mshiriki asiyeonekana tena. Hajaaga, hapokei simu, haji miadi. Kliniki humwita "mtoro". Kwa miaka mwenzangu aliandika neno hilo kwenye kadi za watu bila kulifikiria, ameniambia mwenyewe. Lakini ukurasa wa 3 tumemwahidi mtu kwamba anaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayataguswa. Hatuwezi kumwahidi hivyo ukurasa wa 3 na kumwita mtoro kwenye fomu ya kuripoti. "Aliyepotea" ni wa kutafutwa na polisi. "Aliyeacha" si kweli, hatujui kama ameacha. Pengine amehama, pengine anaumwa, pengine ni msiba, na kwa hesabu za jaribio tofauti hiyo ina uzito, maana wanaotoweka wakiwa wale waliozidiwa na dawa, matokeo yatang'aa kwa uongo.

Nimeandika kwa penseli "ambaye hatujampata". Mwenzangu anasema ni refu kwa kisanduku cha sentimita mbili. Ameomba kisanduku kipanuliwe. Tunasubiri jibu.